Kikundi cha Familia: Ile Sauti Kuhusu Mauaji

Mama Latifa: Jamani, hii sauti imenifikia mara tatu tangu asubuhi. Eti marehemu kauawa kwa ajili ya dini yake, tujiandae. Wenye kujua mambo haya semeni.

Mjomba Hamisi: Usiipeleke popote, mwanangu. Muuaji hajajulikana, huyo anayesema sababu kaitoa wapi?

Dada Ester: Shikamoo mjomba. Ni kweli, ila tukisema "subirini" tu, watu wataona tunafunika jambo. Chuki ya dini ina dalili zake: vitisho alivyopokea marehemu, matamshi ya mshukiwa kabla ya tukio, siku na mahali palipochaguliwa. Watu wanashikilia kwamba pochi ya marehemu haikuguswa, kwa hiyo si wizi bali chuki. Hiyo peke yake ni dhaifu. Mwizi akishtuliwa hukimbia mikono mitupu, na mwenye kisasi cha mpaka wa shamba hana haja na pochi.

Kaka Musa: Na ile karatasi yenye matusi ya dini iliyokutwa pale?

Mjomba Hamisi: Karatasi inaweza kuandikwa na yeyote, hata anayetaka kuwapoteza wapelelezi. Mwaka 2012, El Cajon, California, mama mmoja kutoka Iraki alipigwa nyumbani kwake hadi akafa. Kando yake pakakutwa karatasi ya kumtaka arudi kwao. Watu wakaandamana mitandaoni kwa uchungu, na haki yao kuumia. Mwaka 2014 mahakama ikamtia hatiani mumewe.

Kaka Musa: Kumbe! Basi tuache kabisa habari za chuki?

Dada Ester: La, Musa, huko nako ni kukosea. Chapel Hill, North Carolina, Februari 2015, vijana watatu Waislamu walipigwa risasi na jirani. Polisi wakatangaza kwamba chanzo ni ugomvi wa maegesho ya magari. Familia zikakataa katakata. Mmoja wa marehemu alikuwa amewasha rekodi kwenye simu yake, na inasikika akijibu kwa utulivu kwamba hawajazidisha nafasi za kuegesha, kisha risasi. Muuaji alikiri mwaka 2019, akapewa vifungo vitatu vya maisha, na mkuu wa polisi akakubali kwamba halikuwa jambo la maegesho tu. Miaka minne familia zilibeba maneno yale ya siku ya kwanza.

Mama Latifa: Inauma. Lakini muuaji akishapatikana, sababu ina uzito gani tena?

Mjomba Hamisi: Kwenye kesi ya mauaji mwendesha mashtaka anathibitisha kusudi la kuua. Sababu husaidia, lakini si lazima aithibitishe. Penye sheria ya uhalifu wa chuki ndipo lazima aonyeshe kwamba dini ya marehemu ndiyo iliyomfanya achaguliwe. Huyo wa Chapel Hill hakushtakiwa kwa uhalifu wa chuki, na hilo liliwauma wengi.

Kaka Musa: Sisi tufanye nini?

Dada Ester: Kamera za jirani kwanza, leo hii. Mashine ikijaa inafuta picha za zamani na kuandika juu yake, nyingine baada ya siku chache tu. Mwenye nayo ahifadhi nakala. Na aangalie saa ya mashine: ikiwa mbele dakika 12 aandike hivyo, la sivyo mtu asiyehusika ataonekana alikuwa pale.

Mjomba Hamisi: Mwenye ujumbe wa vitisho asiufute. Skrinshoti haitoshi, inachezewa kirahisi. Simu yenyewe ipelekwe. Aliyesikia maneno ayaandike kama yalivyotamkwa, na saa. "Alitukana dini" haimsaidii mpelelezi. Na mashahidi wasikae pamoja kukumbushana, kumbukumbu zitachanganyika.

Dada Ester: Nguo yenye damu asiiguse mtu, aite polisi. Nao huiweka kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Ndani ya plastiki unyevu hauna pa kutokea, ukungu unaota na vinasaba vinaharibika.

Mama Latifa: Na video ya mwili inayozunguka?

Mjomba Hamisi: Ifuteni kwenye vikundi. Aliyeirekodi ndiye abaki na ya asili kwa ajili ya wapelelezi. Kuna mambo ya eneo la tukio ambayo polisi huyaficha makusudi: atakayekuja kukiri wanampima kwayo. Video ikishaenea, hata muongo anayajua.

Kaka Musa: Nimefuta, mjomba. Naenda kwa mwenye kamera sasa hivi.