Kadi za Krismasi za mkono: muhuri unatoa mabaka, dai haikati katikati

Nyota_ya_Desemba

Wakuu, habari zenu. Naandaa kadi 40 za Krismasi na lebo 60 za zawadi. Nina mashine ndogo ya rola ya kuzungusha kwa mkono, dai nyembamba za chuma, yaani maumbo yenye makali ya kukatia karatasi (msonobari, nyota, chembe ya theluji yenye matundu mengi, na umbo la lebo), mihuri ya plastiki angavu ya kubandika kwenye kibao, wino mwekundu na mweusi wa maji, wino wa kunata usio na rangi, na unga mweupe wa kuyeyusha kwa joto. Karatasi ni nyeupe ya gramu 300 (kwa mita ya mraba) na ya kijani iliyokolea ya gramu 220.

Yanayonisumbua ni haya. Muhuri mpya wa maneno "Krismasi Njema" unatoa vitone-vitone badala ya rangi iliyojaa. Unga mweupe unaganda kwenye karatasi ya kijani hata nje ya picha. Chembe ya theluji inakatika pembeni lakini katikati inashika, nikiivuta inachanika. Na kadi nikiikunja, mgongo unapasuka nyuzi.

Halafu, kipi kitangulie: kugonga muhuri au kukata?

FundiKaratasi

Karibu sana. Nitashika upande wa dai na mkunjo, wino wapo wanaoujua zaidi yangu.

Dai ikikata pembeni na kugoma katikati, mara nyingi tatizo si makali yake. Ni shinikizo kutolingana. Angalia kwanza vibao vya plastiki vya kukatia. Kibao kikipitishwa upande uleule kila mara hujikunja kama upinde na kujaa mifereji, na pale penye mfereji dai inazama kwenye plastiki badala ya kuikata karatasi. Kwa hiyo kila ukipitisha, geuza kibao juu chini, na kila baada ya muda kizungushe kichwa kiwe miguu. Kilichokwisha jikunja, kipitishe mgongo wake ukiwa juu kitanyooka.

Mpangilio kwa mashine nyingi ni: jukwaa, kibao cha kwanza, karatasi, dai makali yakitazama karatasi, kibao cha pili. Fuata unene ulioandikwa kwa mashine yako. Mlio wa kukwaruza plastiki ni wa kawaida, lakini mpini ukigoma usilazimishe, rudisha nyuma upunguze unene. Mashine inayolazimishwa huvunja meno ya gia, na dai hupinda. Dai iliyopinda hainyooki tena sawasawa.

Sasa hiyo chembe ya theluji. Usiiweke katikati ya kibao kila siku, na usiipange mistari yake mirefu ikiwa sambamba na rola. Ilaze mshazari kidogo ili rola ikutane na makali machache kwa wakati mmoja, badala ya mstari mzima kwa mpigo. Ishike kwa vipande viwili vya selotepu ya karatasi, ile isiyonata sana, isiteleze. Pitisha kwenda na kurudi, kisha izungushe robo duara na urudie. Bado katikati inashika? Kata kipande cha karatasi ya kawaida ya gramu 80 kinachotosha eneo lile tu na ukiweke juu ya kibao cha juu. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na mara nyingi hiyo yatosha. Ukiweka karatasi mbili tatu kwa pamoja utakata vizuri mara moja, halafu utakuwa umechimba kibao.

Jambo la pili kwenye dai ya matundu mengi ni karatasi yenyewe. Gramu 300 ni nzito mno kwa umbo hilo. Tumia gramu 160 hadi 220, na ukitaka unene, kata mbili au tatu uzigundishe moja juu ya nyingine, zinapendeza kuliko karatasi moja nene. Kati ya dai na karatasi weka karatasi ya nta ya jikoni. Itakatika pamoja, lakini umbo litachomoka kwenye dai bila kung'ang'ania. Vipande vya matundu vitoe kwa brashi ngumu ukiwa umeilaza dai juu ya sponji, au kwa sindano kupitia vitundu vya nyuma ya dai. Usivute umbo kwa kucha, ndipo linapochanika.

Mgongo wa kadi: karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na mkunjo unaokatiza nyuzi lazima upasuke, hasa kwa gramu 300. Pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Mpindo unaokuja kirahisi ndio ulio sambamba na nyuzi, na mkunjo uufuate huo. Kabla ya kukunja chora mfuo, yaani mstari uliobonyea, kwa rula ya chuma na kitu butu kama peni iliyokauka wino. Pita mara mbili kwa wepesi kuliko mara moja kwa nguvu. Kisha kunja ukiwa umeacha tuta la mfuo ndani ya kadi. Wengi hukunja kinyume, na hapo ngozi ya juu ya karatasi inavutwa hadi inapasuka.

Vipimo: kata A4 katikati, upate milimita 210 kwa 148, tia mfuo kwenye 105, kadi inakuwa A6 na inaingia kwenye bahasha ya C6 (milimita 114 kwa 162). Kadi 40 ni karatasi 20 za A4. Weka 3 za akiba.

Wino_na_Nta

Nakubaliana na Fundi. Mimi naingia kwenye muhuri.

Hivyo vitone vinatokana na uso wa muhuri mpya. Una utelezi uliobaki kiwandani, wino wa maji unajikusanya matone badala ya kutandaa. Sugua uso wake kwa kifutio cheupe cha penseli, duara ndogo ndogo, kama nusu dakika, kisha uoshe kwa maji na sabuni kidogo na uache ukauke. Ikibidi, msasa laini kabisa upite mara moja, bila kukandamiza. Ukiona bado wino unakimbia, gonga kwanza na wino wa kunata usio na rangi, futa, halafu wino wako.

Namna ya kugonga nayo ina uzito. Pedi ndiyo iende kwenye muhuri, igusishwe mara nyingi kwa wepesi. Muhuri ukikandamizwa kwenye pedi, wino unazama kwenye vishimo vya herufi na "a" na "e" zinaziba. Chini ya karatasi weka sponji nyembamba ya milimita 2 hivi, maana muhuri angavu hauna sponji yake na meza haijawahi kunyooka kikamilifu. Bonyeza wima kwa viganja, hesabu mpaka tatu, inua wima. Kutikisa kibao ndiko kunakoleta kivuli pembeni mwa herufi.

Kwa kadi 40 za maneno yaleyale, jukwaa la kugongea lenye kifuniko cha bawaba na sumaku litakuokoa. Karatasi inakaa palepale, chapa ya kwanza ikitoka hafifu unapaka wino tena na kurudia juu yake bila kuhama hata nywele moja. Kibao cha mkono hakikupi nafasi hiyo ya pili.

Unga sasa. Unaganda nje ya picha kwa sababu tatu: umeme tuli wa karatasi, mafuta ya vidole, na unyevu. Kwanza pitisha kifuko cha kitambaa chenye poda ya mtoto juu ya karatasi yote, kwa wepesi, ndipo ugonge na wino wa kunata. Poda isitangulie mara mbili wala isiwekwe baada ya wino, itaua mnato. Mwagia unga papo hapo, hasa hewa ikiwa kavu. Inamisha karatasi, gonga mgongo wake kwa ukucha mara mbili tatu, unga wa ziada urudi kwenye chombo. Chembe zilizobaki ziondoe kwa brashi ndogo kavu ya rangi kabla ya joto. Baada ya joto haziondoki tena.

Kifaa cha hewa ya moto kiwashe sekunde 10 hivi kikitazama pembeni, kipate moto kamili kwanza. Kikianza baridi kinapasha karatasi muda mrefu bila kuyeyusha, na karatasi inajikunja. Kishike kama sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye karatasi, anzia kona moja. Unga ukigeuka kutoka vumbi kuwa mng'ao, songa mbele papo hapo. Ukikawia, unga unazama ndani ya karatasi, mng'ao unakufa na kuacha doa la mafuta kwa nyuma. Ukiwahi kuondoa, unabaki na uso wenye vijivimbe kama ngozi ya chungwa. Drayer ya nywele haifai kwa kazi hii: upepo wake ni mwingi na joto lake ni dogo, inapeperusha unga tu.

Kuhusu mpangilio: gonga, yeyusha, acha ipoe, ndipo ukate. Karatasi iliyojikunja kwa joto inanyooka ikipita kwenye rola, na ukikosea kugonga hujapoteza umbo lililokatwa.

Lebo_na_Utepe

Kwa kadi niko pamoja nawe, ndugu Wino. Kwa lebo ningefanya tofauti kidogo. Picha ya muhuri ikiwa ndogo katikati ya lebo, kata kwanza, kisha chukua ile karatasi yenye tundu lililobaki, ibandike kwenye jukwaa la kugongea kwa selotepu. Kila lebo inaingia kwenye tundu lake kama ufunguo, unagonga, unaitoa, unaweka nyingine. Lebo 60 zitakuwa na maneno mahali palepale. Lakini ukitaka kuyeyusha unga, rudi kwenye njia ya Wino, kwa sababu kipande kidogo kilichokwisha katwa kinaruka kwa upepo wa moto na kingo zake zinainuka.

Lebo ya milimita 45 kwa 85 ni saizi nzuri ya kuandikia "Kwa" na "Kutoka kwa". Kata A4 mistari mitatu ya milimita 99, kila mstari unatoa lebo 4, yaani 12 kwa karatasi. Lebo 60 ni karatasi 5, na ya sita kwa makosa. Gramu 220 zinatosha. Tundu la uzi liwe la milimita 4, na liachwe si chini ya milimita 6 kutoka ukingoni, vinginevyo litachanika zawadi ikining'inizwa. Ukitaka usalama zaidi, kata viduara vya karatasi vyenye tundu katikati ubandike mbele na nyuma.

Uzi: sentimita 25 kwa kila lebo. Ukunje katikati, pitisha kitanzi tunduni, kisha ncha mbili zipite ndani ya kitanzi na uvute. Hauhitaji fundo, na haulegei.

Gundi ya maji iwe nukta tu nyuma ya vipande vilivyokatwa. Ikijaa, karatasi inavimba. Kwa chembe ya theluji kuna njia bora: bandika karatasi ya gundi ya pande mbili nyuma ya ukurasa mzima *kabla* ya kukata. Kila mkono mwembamba unakatwa ukiwa na gundi yake tayari.

Nyota_ya_Desemba

Asanteni sana. Kugeuza vibao na karatasi moja ya gramu 80 vimemaliza kazi, chembe ya theluji inachomoka nzima. Muhuri nao umeshika baada ya kifutio. Limebaki moja: nikigonga msonobari kwa wino mweusi kisha nikapaka rangi kwa kalamu za spiriti, mistari inasambaa kijivu.

Wino_na_Nta

Hapo wino na kalamu vinayeyuka kwa kitu kimoja au wino haujakauka. Kwa kalamu za spiriti tumia wino mweusi wa maji uliotengenezwa kuhimili spiriti, itaandikwa kwenye pedi, na uache dakika 5 au upashe moto kidogo. Kwa rangi za maji ni kinyume: tafuta wino usiopata maji, ule wa kudumu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile, kwa sababu wino uleule hukauka haraka kwenye karatasi inayonyonya na kukawia kwenye ile laini.

Na muhuri usiusafishe kwa spiriti, unaufanya mgumu na mwishowe unapasuka. Maji na sabuni vinatosha. Doa jekundu litakalobaki si uchafu, halitahamia kwenye kadi inayofuata. Ukikauka, urudishe kwenye karatasi yake ya plastiki mbali na jua.