Mjadala: Sifa ya msimu wa Carlisle wa 1912 ni ya nani?

Mleta mada

Mwezi Desemba 2024 Rais Joe Biden alilitangaza eneo la iliyokuwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa la Marekani. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1879 kwa ajili ya watoto wa Wahindi Wekundu, na kila inapotajwa, mashabiki wa historia ya michezo hukimbilia kuitaja timu yake ya mpira wa Kimarekani, kana kwamba timu ile inatosha kuitetea shule.

Kwamba timu ilikuwa kubwa, sibishi. Katika msimu wa 1912 ilicheza mechi 14, ikashinda 12, ikatoka sare moja na kupoteza moja, na ikakusanya pointi 504 dhidi ya 114. Carlisle haikuwa chuo wala haikutoa shahada, lakini ilivishinda vyuo vikuu vya Syracuse, Pittsburgh, Georgetown na Brown, na tarehe 9 Novemba, huko West Point, kwenye chuo cha kijeshi, iliwalaza makadeti wa jeshi 27 kwa 6, ambao kikosini mwao alikuwamo kijana Dwight Eisenhower, rais wa baadaye wa Marekani. Nahodha wake, Jim Thorpe, alikuwa ametoka kutwaa medali mbili za dhahabu za Olimpiki mjini Stockholm kiangazi kile kile.

Ninachokataa ni kuihesabia shule sifa hiyo. Mwanzilishi wake, ofisa wa jeshi Richard Henry Pratt, alitamka waziwazi mwaka 1892 kwamba Uhindi uliomo ndani ya mtu uuawe ili mtu aokolewe. Watoto walinyolewa nywele na kukatazwa lugha za kwao. Mechi kubwa zilichezwa ugenini kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kiingilio kinono, nayo fedha ikaingia katika mfuko wa michezo uliokuwa nje ya ukaguzi wa kawaida wa serikali. Vijana walitoa jasho, shule ikavuna jina. Wenzangu mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, ila umemruka kocha. Glenn Warner alikuwa na wachezaji ambao mara nyingi walizidiwa uzito na wapinzani, akawapangia mchezo wa kasi na hila ambao makadeti wa West Point hawakuumudu. Tena ulikuwa msimu wa kwanza ambao sheria zilitoa jaribio la nne la kuusogeza mpira, na mabadiliko kama hayo humfaa mwenye akili nyingi za uwanjani. Isitoshe, Thorpe aliwahi kuondoka Carlisle, kisha akarejea mwenyewe mwaka 1911. Gus Welch, aliyekuwa akiongoza mashambulizi, alisomea sheria na baadaye akawa kocha wa timu ya chuo cha Washington State. Ukiwaona watu hawa kuwa wahanga tu, unawanyima uamuzi wao wenyewe, na huko nako ni kuwadharau.

Mleta mada

Nakushukuru kwa kumtaja Welch, maana ndiye shahidi wangu. Mwaka 1914, baada ya wanafunzi zaidi ya 200 kutia saini malalamiko, kamati ya Bunge la Marekani ilikwenda Carlisle kuchunguza, na Welch akatoa ushahidi dhidi ya Warner. Alikiri kwamba ni kocha hodari, lakini akasema hana maadili. Mtu aliyecheza msimu ule, akaushinda, ndiye aliyesema hivyo, wala si mwanaharakati wa leo. Mkuu wa shule, Moses Friedman, aliondolewa, na Warner akahamia Pittsburgh.

Na kabla ya hapo, mwezi Januari 1913, ilipobainika kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kwa kucheza besiboli huko North Carolina, jambo lililokatazwa kwa wanaolimpiki wa wakati ule, Warner na Friedman walijitetea kwamba hawakujua lolote. Lawama yote ikamwangukia kijana wao, naye akanyang'anywa medali. Olimpiki ilimrudishia hadhi ya mshindi mwenza mwaka 1982, na ya mshindi pekee mwaka 2022, takriban miaka 70 baada ya yeye kufa. Hiyo timu ya Warner unayoisifu ilimbeba siku za ushindi tu.

Mchangiaji wa pili

Wakubwa zangu, nyote mnawazungumzia wachezaji wachache. Wanafunzi wapatao 7,800 walipita Carlisle, na zaidi ya 180 walizikwa pale pale. Tangu 2017 jeshi limekuwa likiyarudisha mabaki ya baadhi yao kwa jamaa zao. Mtoto aliyefia bwenini msimu wa 1912 unamhusu nini? Mimi ningeipa timu ukuta mmoja mdogo katika eneo hilo la kumbukumbu, basi.

Mchangiaji wa kwanza

Ukuta mdogo siukubali. Umati ulioujaza uwanja ulikuwa umefundishwa kwamba watu hawa wamekwisha, na miaka 22 tu ilikuwa imepita tangu jeshi la Marekani liwaue Walakota, kabila la Wahindi Wekundu, kule Wounded Knee. Matokeo ya West Point yawekwe mahali pa kuonekana.

Mleta mada

Yawekwe, na maelezo ya Welch mbele ya kamati yawekwe kando yake, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Jina la shule lisitangulie majina ya wachezaji.