Wiki 30 ni miezi mingapi hasa?

mpangaji30
Wakuu, nina ratiba ya kazi ya wiki 30, inatakiwa iandikwe kwa miezi. Nikigawanya kwa 4 napata 7.5, kikokotoo cha mtandaoni kinaleta 6.9. Nishike ipi?

Hesabu_Wima
Shika 6.9. Wiki 4 ni siku 28, na mwezi wa siku 28 ni Februari peke yake, tena si ya mwaka mrefu. Ukigawanya kwa 4 unaufanya mwaka kuwa na wiki 48, wakati una 52 na siku moja juu (mbili mwaka mrefu).

Kigawanyo chenyewe kinatoka kwenye mzunguko wa kalenda: miaka 400 ina siku 146,097 na miezi 4,800, hivyo mwezi kwa wastani ni siku 30.436875, sawa na wiki 4.348. Yako basi: 30 × 7 = 210, kisha 210 ÷ 30.44 = 6.9.

Halafu angalia usiisome 6.9 kama miezi 6 na siku 9! Hapo ndipo wengi huteleza. Zidisha 0.9 kwa 30.44, utapata siku 27.

tarehe_kamili
Naongezea: wastani ni wa makadirio. Kama kuna tarehe ya mwisho inayombana mtu, acha kugawanya, hesabu siku kwenye kalenda.

Wiki 26 kuanzia 1 Machi 2026 zinafika 30 Agosti, siku mbili kabla ya miezi sita kutimia. Anzia 1 Septemba 2026, wiki 26 zinafika 2 Machi 2027, siku moja baada ya miezi sita. Wiki ni zile zile, siku 182. Miezi sita ya kuanzia 1 Machi ina siku 184, ile ya kuanzia 1 Septemba ina 181.

Kujihakiki ni rahisi: ukiongeza wiki kamili, lazima urudi siku ile ile ya juma. 1 Machi 2026 ni Jumapili, 30 Agosti pia Jumapili. Ukiangukia Jumamosi, ujue siku ya kuanzia umeihesabu kuwa ya kwanza.

mpangaji30
Nimeelewa. Na malipo ya kila wiki, nikitaka kujua ni kiasi gani kwa mwezi?

Hesabu_Wima
Zidisha kwa 52, gawanya kwa 12. Ukizidisha kwa 4 tu, malipo ya wiki 4 yanapotea kila mwaka.

safu_na_nguzo
Kwa wanaotumia Excel: EDATE inaongeza miezi, ila msiipandishe ngazi kwa ngazi. 31 Januari 2026 ukiongeza mwezi mmoja inatoa 28 Februari; ukiongeza mwezi mwingine juu ya jibu hilo unapata 28 Machi, siku tatu zimeshapotea. Anza kila mara na tarehe ya mwanzo (tuseme iko kwenye kisanduku A1), =EDATE(A1,2), utapata 31 Machi. Wiki hazina shida hiyo: =A1+7*30 inatosha.