Mrejesho: beringi za gurudumu la nyuma

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini gurudumu la nyuma la pikipiki yangu linacheza kushoto na kulia na kunguruma nikiteremka Waiyaki Way. Wengi mlisema beringi, yaani zile ringi za gololi ambazo gurudumu huzungukia kwenye ekseli, na ndizo. Nilipochomoa ekseli na kuzizungusha kwa kidole, zilikwaruza kana kwamba zina mchanga.

Ushauri wenu wa kusoma namba ya beringi kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ulinisaidia mno. Zangu zimeandikwa 6302: tundu milimita 15, kipenyo cha nje 42, unene 13. Nikachukua zenye raba pande zote mbili, maana matope ya Nairobi hayana huruma.

Kuzilaza mpya kwenye friza na kupasha moto habu, yaani kitovu cha gurudumu zinamokaa, pia kulifanya kazi. Ziliingia kwa kugongwa kidogo tu, kwenye duara la nje, si la ndani. Na kile kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili lazima kirudi. Bila hicho, ukikaza ekseli unaziua beringi mpya papo hapo.

Kutoa za zamani ndiko kulikonishinda. Moja ilikatika, duara la nje likang'ang'ania ndani. Nyundo na patasi hazikufua dafu. Fundi wa mtaani alilichomelea kwa ndani, likasinyaa lilipopoa, likadondoka lenyewe.

Kucheza kumeisha kabisa. Mngurumo umepungua lakini bado upo. Nashuku beringi ya upande wa sproketi (lile gurudumu la meno la cheni), ambayo duka lilikuwa limeishiwa. Nikiipata nitaibadilisha.