Naomba ushauri: galoni tupu za sumu za kupulizia viazi, na glavu za akina mama

Wakuu, habari za kazi. Huku Uyole, Mbeya, galoni za viuatilifu (sumu za kuua wadudu na magonjwa ya mazao) zikiisha hugeuzwa za maji, mafuta ya kula, hata pombe (ambayo yenyewe inaongeza hatari ya saratani ya matiti, tusifichane). Baadhi ya viuatilifu huvuruga homoni, na saratani nyingi za matiti hukua kwa msukumo wa estrojeni, homoni ya kike. Kikundi chetu cha akina mama wakulima kinataka kupunguza kugusana navyo.

Utaratibu tulionao: galoni ikishaisha, weka maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba la kupulizia. Rudia mara tatu palepale shambani, maana sumu ikikauka haitoki kirahisi. Kisha toboa kitako. Hata iliyosuuzwa hivyo haifai kwa chakula, kwa sababu plastiki imeshanyonya dawa. Kuchoma ndiyo mbaya zaidi: ule moshi mweusi unaingia jikoni.

Tunapokwama ni hapa. Zikishatobolewa, nani anazipokea Mbeya mjini au Iringa? Kuzifukia karibu na kisima hatutaki.

Pili, glavu. Za ngozi na za kitambaa hunyonya sumu na kuilaza mkononi. Zinazofaa ni ndefu za naitrili (aina ya mpira usiopitisha dawa kirahisi), ila madukani zipo saizi za wanaume tu, zinavuka vidole na kuruhusu dawa kuingilia kiwikoni. Nani anauza ndogo, na kwa bei gani?