Tuzisome vipi makala za waandishi waliotangulia kuonja RPG (gemu ya kuigiza mhusika) ambayo bado haijatoka?

Mpiga_Upanga (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu Juni 2025, pale studio ya CD Projekt Red walipoonyesha mjini Orlando kile kipande cha gemu yao The Witcher 4 ambamo mhusika mkuu, Ciri, anampanda farasi wake Kelpie, anapita katika milima ya Kovir, kisha anaingia katika soko la mji wa Valdrest lenye watu wapatao 300, kila mmoja akishughulika na lake. Kipande kile kiliendeshwa papo hapo kwenye konsoli (mashine ya gemu) ya PS5 ya kawaida kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, na studio yenyewe ilieleza kwamba yalikuwa maonyesho ya teknolojia ya Unreal Engine 5, programu ya kutengenezea gemu, wala si sehemu ya gemu tutakayoicheza. Hata hivyo, katika makundi ninayoshiriki watu waligawanyika usiku uleule: wapo waliosema wako tayari kulipia mapema, na wapo waliosema hawataamini hata fremu moja mpaka gemu iwe mikononi mwao.

Mimi ni mpenzi wa RPG, na ndiyo maana napata shida. Hii ni aina ya gemu ambayo ni ngumu mno kuipima kwa kuionja, kwa kuwa utamu wake hukaa katika matokeo ya uamuzi ulioufanya saa 20 zilizopita, ilhali mwandishi aliyealikwa na studio hupewa saa tatu au nne, tena za sehemu iliyochaguliwa na wenyewe. Studio imesema gemu haitatoka kabla ya mwisho wa 2026, kwa hiyo mialiko ya waandishi itakuja, na makala za sifa zitakuja pamoja nayo. Swali langu ni hili: makala hizo tuzisome vipi? Je, mashaka yetu yana msingi, au tumekuwa watu wa kupinga kila kitu kwa mazoea?

Fundi_Sakiti

Mkuu, mashaka yana msingi, na msingi wenyewe umo katika historia ya studio hiyohiyo. Nitalieleza sakata la Cyberpunk 2077 kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi wetu hulikumbuka kama gemu iliyotoka na hitilafu nyingi, tukasahau yaliyotokea kabla haijatoka.

Juni 2018, katika maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles, waandishi waliingizwa kwenye vyumba vilivyofungwa wakaonyeshwa takriban dakika 48 za mchezo, pedi ya kuchezea ikiwa mikononi mwa watu wa studio. Walitoka wakiwa wamepagawa, na makala zao zilionyesha hivyo. Agosti mwaka huohuo video ileile ikawekwa hadharani, ikiwa na maandishi ya kutukumbusha kwamba kazi bado inaendelea. Ndani yake kulikuwa na kijiroboti cha chuma chenye miguu ya buibui ambacho mchezaji angekituma kupenya mahali pasipopenyeka, na kulikuwa na uwezo wa kuning'inia ukutani kwa visu vinavyochomoza kwenye mikono. Gemu ilipotoka, kile chombo cha chuma kilibaki kuwa sehemu ya misheni za mwanzo tu, na kuning'inia ukutani kuliondolewa kabisa. Januari 2021 shirika la habari la Bloomberg lilichapisha maelezo ya watu waliowahi kufanya kazi pale, waliosema kwamba kipande kile kilitengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu, wakati mifumo mingi ya gemu yenyewe ilikuwa haijaandikwa. Mkuu wa studio, Adam Badowski, alijibu hadharani kwamba kipande kinachoonyeshwa miaka miwili kabla ya gemu kutoka hakiwezi kufanana nayo kwa kila kitu. Majibu yake yana ukweli ndani yake, lakini makala za 2018 hazikumwambia msomaji jambo hilo kwa uzito uliostahili.

Juni 2020 waandishi walipewa nafasi ya kucheza wenyewe, saa nne hivi. Kwa sababu ya korona walicheza wakiwa nyumbani, huku gemu ikiendeshwa kwenye kompyuta zenye nguvu za studio na picha ikiwafikia kwa intaneti. Hapo ndipo ninapotaka tukazie macho. Hakuna hata mmoja aliyeshika toleo la PS4 wala la Xbox One, na hizo ndizo konsoli ambazo mamilioni ya watu walikuwa nazo sebuleni. Novemba mwaka huo uongozi wa kampuni uliwaambia wawekezaji kwamba gemu inakwenda vizuri, hata kwa kiwango cha kushangaza, kwenye konsoli za zamani. Desemba, wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na mpaka siku ya kutoka, tarehe 10, hawakuruhusiwa kuonyesha video walizozirekodi wenyewe. Waliruhusiwa kutumia vipande walivyopewa na studio. Alama za awali za kompyuta kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, zilikuwa karibu 90 kati ya 100. Toleo la PS4 lilipofika kwa watu, alama zake hazikufika 60. Tarehe 14 studio iliomba radhi na kukiri kwamba ilipaswa kuonyesha gemu kwenye konsoli hizo kabla ya mauzo, na siku chache baadaye Sony wakaiondoa dukani kwao, isirudi hadi Juni 2021.

Kwa hiyo, mkuu, makala ya namna hii mimi huisoma kwa kutafuta masharti yake kabla ya sifa zake. Natafuta ni nani aliyeshika pedi, mashine ilikuwa ipi, sehemu iliyochezwa ilichaguliwa na nani, na picha zilizoambatanishwa zimetoka kwa mwandishi au zimetoka kwa muuzaji. Mwandishi makini huyaandika mambo hayo katika aya za mwanzo. Asipoyaandika, hata awe na kalamu nzuri kiasi gani, nachukulia kwamba nimesoma tangazo.

Dada_Mchambuzi

Kaka Fundi, umeyapanga vizuri, na sina la kupinga katika tarehe zako. Ninachotaka kuongeza ni kwamba katika sakata hilohilo sisi wachezaji tulikuwa na sehemu yetu, na haifai kuifunika.

Kabla gemu haijatoka, wakati alama za juu zikimiminika, mhakiki wa tovuti ya GameSpot aliipa 7 kati ya 10 na akaeleza sababu zake. Alishambuliwa mtandaoni kwa siku kadhaa na watu ambao hawakuwa wamecheza hata dakika moja. Mwandishi wa jarida la Game Informer naye alionya kwamba kuna mandhari ya mwanga unaomwekamweka ndani ya gemu ambayo yangeweza kumletea mtu mwenye kifafa mshtuko, kwa kuwa yeye mwenyewe yalimpata. Wapo waliomtumia video zilizotengenezwa makusudi ili zimdhuru. Studio ilikuja kuweka onyo na kuirekebisha ile athari ya mwanga, maana yake mwandishi alikuwa sahihi na alitufanyia kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Ninayasema haya kwa sababu nasoma kila mahali kwamba waandishi walitudanganya. Baadhi yao walisifu kupita kiasi, ndiyo. Lakini waliothubutu kusema tofauti ndio tuliowafanya wajute, na mwandishi kijana anayeona hayo atajifunza nini? Mashaka ninayoyaheshimu ni yale yanayouliza maswali kama ya Kaka Fundi. Yale ya kudai kwamba kila anayesifu amehongwa na kila anayekosoa ana chuki hayamsaidii mnunuzi hata kidogo, kwa sababu hayatofautishi makala moja na nyingine. Mwandishi anayepewa saa nne anaweza kutuambia kweli kuhusu mambo ya saa nne: namna mapigano yanavyohisi mkononi, kama mazungumzo yameandikwa na mtu anayejua kuandika, kama menyu zinasomeka. Tukimdai atuambie kama hadithi itashikilia hadi mwisho, tunamdai kitu ambacho hakuwekewa mezani.

Pwani_RPG

Mimi nataka niwapeleke upande mwingine. Katika miaka ya karibuni kuna RPG moja iliyotupunguzia utegemezi wa makala hizi, nayo ni Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ghent huko Ubelgiji. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Agosti 2023 waliuza sehemu ya kwanza ya hadithi ikiwa bado inajengwa, wakasema wazi kuwa haijakamilika, na kila mwenye kutaka aliweza kuicheza, kuilalamikia na kuona malalamiko yake yakifanyiwa kazi. Karibu miaka mitatu! Ilipotoka rasmi, watu walikuwa na mamia ya saa za ushahidi wao wenyewe, na hapakuwa na haja ya kumwamini mtu aliyealikwa hotelini.

Hata hivyo, kwa haki ya mjadala, njia hiyo nayo ina shimo lake. Sehemu iliyochezwa miaka yote hiyo ilikuwa ya kwanza tu. Sehemu ya tatu, ambamo unaingia ndani ya mji wa Baldur's Gate wenyewe, ndiyo iliyozilemea kompyuta nyingi siku za mwanzo, na ndiyo iliyokuwa na hitilafu nyingi zaidi, kwa sababu hakuna mchezaji wa nje aliyekuwa ameipitia kabla. Ndiyo kusema mwanzo wa RPG ndio unaosuguliwa na kung'arishwa kuliko sehemu nyingine yoyote, iwe kwa mwandishi au kwa mnunuzi wa mapema. Dada Mchambuzi ameligusa hilo, nami nalisisitiza.

Niongeze na jambo linalotuhusu sisi wa huku. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hurudisha pesa endapo utaomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa gemu ya mpira au ya magari saa 2 zinatosha kabisa. Kwa RPG, saa 2 unaweza kuwa bado unatengeneza uso wa mhusika na kumaliza utangulizi. Halafu Baldur's Gate 3 inahitaji GB 150 za nafasi, na anayepakua kwa bando la simu analipia gemu mara mbili, na lile bando harudishiwi na mtu. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Kisumu anazihitaji makala za awali kuliko mtu mwenye faiba isiyo na kikomo, na ndiyo maana makala isiyotaja mashine iliyotumika inamuumiza zaidi.

Mpiga_Upanga (mwanzisha mada)

Nimewasoma wote, na nawashukuru kwa dhati. Nimebakiwa na jambo moja. Fundi, umelieleza la 2020, lakini nakumbuka kwamba hata The Witcher 3 ilikuwa na ugomvi wake wa picha, na bado wengi wetu tunaihesabu miongoni mwa RPG bora tulizowahi kucheza. Je, hilo halioneshi kwamba maonyesho ya awali yanaweza kupishana na gemu halisi bila gemu kuwa mbaya?

Fundi_Sakiti

Linaonesha hivyo, na ni vizuri umelileta. Video ya Desemba 2013 ilikuwa na mwanga na moshi wa kiwango ambacho gemu ya Mei 2015 haikuwa nacho. Watu walipoziweka picha kando kwa kando, wakuu wa studio walieleza kwamba mfumo wa uchoraji ulibadilishwa kwa sababu ule wa kwanza haukufaa katika dunia kubwa iliyo wazi. Maelezo hayo nayakubali kiufundi. Ninachokilaumu ni kwamba yalitolewa baada ya wachezaji kugundua, wakati gemu ikiwa tayari sokoni na watu wakiwa wamekwisha kulipa. Tena picha ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukilinganisha. Mtu yeyote mwenye macho anaweza. Mifumo ya gemu, kwa mfano kama mji unatambua ulichokifanya jana, huwezi kuilinganisha kwa kusimamisha video, na hapo ndipo 2018 ilipotuumiza kuliko 2013.

Kuhusu The Witcher 4, nimeona dalili moja inayonipa moyo. Baada ya maonyesho ya Orlando, mtu wa ufundi wa studio aliulizwa kuhusu Xbox Series S, ambayo ndiyo dhaifu kuliko konsoli za kizazi hiki, akasema wazi kwamba kufikisha fremu 60 kwenye mashine hiyo itakuwa kazi ngumu sana. Mwaka 2020 hatukusikia kauli ya namna hiyo kuhusu PS4. Kwa hiyo mialiko ya waandishi itakapotolewa, mimi nitaanza na makala ya mwandishi atakayesema kwamba aliomba kuicheza kwenye Series S, hata kama atakuwa ameandika tu kwamba aliomba akakataliwa.

Dada_Mchambuzi

Naunga mkono, hasa hilo la kukataliwa. Mwandishi akiandika alichonyimwa, nitamsoma mpaka mwisho.