Ukoo wa Ngomeni: Swaleh yuko njiani

Swaleh: Asalaam aleikum jamaa. Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa. Huku Florida ndiyo kwanza saa moja asubuhi. Tumeng'oa nanga New Smyrna Beach, mimi na nahodha tu, chombo cha watu twakipeleka kusini. Leo twapita ubavuni mwa Kennedy, pale wanaporushia roketi.

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam. Mko bahari kuu? Na hilo wimbi?

Swaleh: La, Shangazi. Njia ya ndani, kama kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa Lamu, ukienda Pate. Maji shwari ila machache. Twafuata vigingi, vyekundu kulia, vya kijani kushoto. Ukitoka nje umekwama.

Salma: Picha kaka, acha hadithi

Swaleh: [picha] Hilo sanduku jeupe kule mbali ndilo jengo wanamounganishia roketi. Mita 160 kwenda juu. Twaliona tangu saa tatu, sasa saa tano, liko palepale kama hatwendi.

Kombo: Hiyo ni nyumba au mlima 😳

Swaleh: Milango yake mita 139. Msikiti wetu na mnara wake ungeingia wima.

Shangazi Zuhura: Mashallah. Kombo, hela ya chama ya mwezi huu sijaiona.

Kombo: 🏃🏾

Swaleh: Jamani tumepanda fungu.

Salma: 😂😂 Ulikuwa wapiga picha!

Swaleh: Nahodha ndiye alikuwa akipiga picha! Mimi nilikuwa nakaanga mayai. Sufuria imenimwagikia.

Salma: Babu niko naye hapa. Asema tulieni, maji yakijaa kitaelea chenyewe.

Swaleh: Mwambie huku maji hayajai wala hayapwi. Mlango wa bahari uko mbali, bamvua haifiki. Upepo tu ndio unaoyasogeza.

Salma: Kanyamaza. Asema hayo si maji, ni bwawa. Haya, kilazeni, fungueni tanga.

Swaleh: Babu, shikamoo mara ya pili. Tumefungua tanga la mbele, kikalala ubavu, mkuku ukang'oka matopeni, tukarudi kinyumenyume kwa injini. Nahodha auliza nani kanifundisha.

Salma: Babu kacheka mpaka kakohoa.

Swaleh: Sasa tuko kwenye mfereji wa Haulover. Zamani hapa watu walikokota vyombo nchi kavu kutoka maji ya huku hadi ya kule, ndiyo asili ya jina. Twaenda polepole kabisa, sheria, kwa sababu ya nguva. Nimemwona mmoja, kaka! Pua mbili juu ya maji, kapumua, kazama. Mgongoni ana makovu meupe ya rafadha.

Salma: Babu auliza mkia wake ukoje.

Swaleh: Mviringo, kama mwiko.

Salma: Asema huyo si wetu. Wa kwetu mkia wake panda, kama wa pomboo.

Swaleh: Kweli, ni jamaa tu, si ndugu wa tumbo moja. Haya, tumeshatokea upande wa pili. Ule mnara ni 39A, jukwaa la kurushia roketi, ilipopaa Apollo 11 kwenda mwezini tarehe 16 Julai 1969. Leo hakuna kinachoruka, wamekaa mwari tu na samaki wao. Nimemwambia nahodha kwetu Ngomeni, pwani ya Kenya, pia roketi zilirushwa, tena kutoka baharini. Kacheka. Kadhani namtania.

Salma: Babu katuma sauti, naiandika: "Mwambie huyo nahodha, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma humu baharini, yana miguu kama kaa. Roketi zikaanza kupaa 1967. Ile ya 12 Desemba 1970 iliruka sikukuu yetu ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili, na Wamarekani wenyewe. Siku hiyo hatukutoka kuvua. Tulikaa ufukoni, moshi ukawa mwembamba kama uzi, na paka wote wa kijiji hawakuonekana hadi magharibi."

Kombo: Uhuru ilifanya kazi gani Babu?

Swaleh: Nijibu mimi. Ilitazama nyota kwa eksirei, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Na Ngomeni ina kitu huku hawana: iko karibu na ikweta, dunia yazunguka kwa kasi zaidi pale, roketi yapewa msukumo wa bure.

Kombo: Na nahodha?

Swaleh: Kaitafuta kwenye simu. Kimya dakika tano. Kisha kanipa sukani akaenda kupika chai mwenyewe.

Shangazi Zuhura: 👏🏾👏🏾

Swaleh: Tumefika mji wa Titusville. Tumetia nanga kusini ya daraja, taa za kule ng'ambo zinaanza kuwaka. Huko kwenu usiku mkubwa, laleni.

Salma: Babu hajalala. Auliza maji kina gani na mnyororo mmetoa kiasi gani.

Swaleh: Maji mita mbili na nusu, mnyororo mita kumi na tano.

Salma: Asema ongezeni mita tano, upepo utageuka alfajiri.

Swaleh: Nahodha kashaenda omoni kuongeza.